Herufi Moja Kabla ya Kutua

Abiria wengi hudhani kwamba rubani huijua hali ya kiwanja pale anapozungumza na mnara wa kuongozea ndege. Kwa kweli, tukiwa bado kwenye futi 35,000 na kiwanja kikiwa zaidi ya maili 100 mbele, mmoja wetu marubani wawili huwa ameshafungua redio ya pili na kusikiliza taarifa iliyorekodiwa, ambayo hurudiwa bila kukoma katika masafa yake maalumu, huku mwenzake akibaki na mwongoza ndege katika redio ya kwanza.

Taarifa hiyo, tunayoiita ATIS, huanza na jina la kiwanja na herufi ya toleo lake, tuseme Kilo (jina la K kwenye redio, kama Lima lilivyo la L), kisha husoma saa ya vipimo, njia ya kutua inayotumika, upepo, umbali wa kuona, mawingu, joto na kanieneo ya hewa. Ikitoka mpya, Kilo humpisha Lima. Kwa hiyo tunapomwita mwongoza ndege tunamtajia herufi tuliyo nayo, naye akisikia Kilo ilhali Lima imeshatoka, hutusomea yaliyobadilika au hututaka tusikilize upya.

Namba ninayoihofia kuliko zote ni ya kanieneo. Altimita haioni ardhi; hupima kanieneo, yaani uzito wa hewa, na kuugeuza kuwa kimo, na karibu na usawa wa bahari kila hektopaskali moja ya kanieneo ni takriban futi 27. Rubani aliyesikia 1009 akaweka 1019 kwenye altimita ataonyeshwa kimo kinachozidi kile halisi kwa karibu futi 270, na ndani ya mawingu hakuna dirisha litakalomsuta. Ndiyo maana namba hiyo husomwa kwa sauti na kuhakikiwa na wote wawili.

Viwanja vingi vikubwa siku hizi huituma taarifa hiyo kwa maandishi, nayo hutoka kwenye printa ndogo kati ya viti vyetu. Mimi hupenda kikaratasi hicho, kwa kuwa sikio lililochoka huchanganya tarakimu upesi.

Hata hivyo, upepo ulioandikwa pale ni wa dakika zilizopita, na wingu la radi likiwa jirani, dakika 20 ni nyingi mno. Mnara unapoturuhusu kutua hutusomea upepo wa wakati ule ule, na huo ndio ninaoulinganisha na kikomo cha ndege yangu.