Risasi zilitoka wapi? Dhana potofu kuhusu silaha za vita vya 1914–1918 Afrika Mashariki

Hadithi ya Paul von Lettow-Vorbeck husimuliwa zaidi kama hadithi ya ujanja. Kamanda mmoja wa Kijerumani, jeshi dogo la askari wa Kiafrika, miaka minne ya kuwakimbiza na kukimbizwa na Waingereza, Wabelgiji na Wareno. Nimeisikia mara nyingi, na kila mara hubaki na swali lile lile: risasi zilitoka wapi? Manowari za Uingereza zilikuwa zimefunga pwani, na Ujerumani ilikuwa mbali mno kusaidia. Ukilifuatilia swali hilo unajikuta kwenye karakana za reli, kwenye mabohari ya baruti na kwenye njia za wapagazi. Huko hadithi inabadilika sana.

Dhana: Wajerumani waliingia vitani wakiwa na silaha za kisasa

Hapana. Mwaka 1914 jeshi la koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani (Tanzania bara, Rwanda na Burundi za leo), lililoitwa Schutztruppe, lilikuwa na kombania 14, askari wapatao 2,500 na Wajerumani takriban 260. Kombania chache tu ndizo zilizokuwa na bunduki mpya. Nyingi zilibeba Mauser 71, silaha iliyopitishwa Ujerumani mwaka 1871, ambayo hupakiwa risasi moja moja na kutumia baruti nyeusi. Askari akifyatua, wingu la moshi linapanda juu yake na adui anajua alipolala. Baruti hiyo pia huacha masizi ndani ya mtutu, hivyo bunduki isiposafishwa na kutiwa mafuta upesi, katika unyevu wa pwani hushika kutu. Matunzo ya silaha yalikuwa kazi ya kila siku tangu siku ya kwanza.

Dhana: Ushindi wa Tanga ulimaliza shida ya silaha

Tanga ilisaidia kweli. Novemba 1914 jeshi la Waingereza lililoletwa kutoka India lilishindwa vibaya na kurudi melini, likiacha ufukweni bunduki za kisasa za kutosha kombania tatu, bombomu (bunduki za rashasha) kadhaa, simu, na risasi zipatazo 600,000.

Lakini miezi miwili na nusu baadaye, tarehe 18 na 19 Januari 1915, Wajerumani walishinda tena huko Jasin, karibu na mpaka wa pwani, na ushindi huo ndio uliomtia hofu kamanda wao. Siku mbili zilimeza risasi 200,000. Baadaye Lettow-Vorbeck aliandika kwamba kwa akiba aliyokuwa nayo angeweza kupigana mapigano ya namna hiyo mara tatu tu zaidi. Ndipo alipoacha mapambano makubwa na kutuma vikosi vidogo kuilipua reli ya Uganda, ile ya Waingereza iliyoanzia Mombasa. Wasimulizi wengi huuita uamuzi huo kipaji cha vita vya msituni. Mimi naona ulianzia kwa mtunza bohari aliyehesabu masanduku.

Dhana: Meli iliyozama ni silaha iliyopotea

Kama kuna sehemu ya vita hivi inayostahili kusimuliwa polepole, ni hii.

Manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji kwa sababu mitambo yake ilikuwa imeharibika. Hakuna gati pale, wala fundi mwenye mashine kubwa. Sehemu zilizovunjika zilibebwa na kuburutwa na watu nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, zikatengenezwa, zikarudishwa kwa njia ile ile. Zilipofungwa mahali pake, Waingereza walikuwa wameshaziba midomo ya mto. Tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa makombora na manowari za Kiingereza Severn na Mersey, meli ililipuliwa na mabaharia wake wenyewe.

Mizinga yake kumi ya sentimita 10.5 haikuachwa. Ilifunguliwa kutoka kwenye mabaki, ikavutwa kutoka delta hadi Dar es Salaam, na mafundi wa karakana ya reli wakaanza kazi ambayo hawakuwahi kuifanya. Mzinga wa meli hauna magurudumu, kwa sababu umeundwa kusimama kwenye sitaha ya chuma. Ilibidi kuunda magari ya kuubeba, yenye ekseli zisizovunjika mzinga unaporudi nyuma baada ya kufyatuka. Mafundi walizoea mabehewa, na ujuzi huo ndio waliohamishia kwenye mizinga. Kisha ikasambazwa koloni zima. Mmoja ulifungwa kwenye meli ya Goetzen katika Ziwa Tanganyika, ile iliyoibuliwa baadaye na kujulikana kama Liemba. Mwingine leo uko Fort Jesus, Mombasa, na watu hupiga nao picha bila kujua umesafiri njia gani.

Miezi mitatu kabla ya Königsberg kumalizwa, meli ya mizigo Rubens ilifika. Ilikuwa imejifanya ya Denmark ili kupenya kizuizi. Tarehe 14 Aprili 1915 ilikimbilia Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikifukuzwa na manowari Hyacinth. Nahodha aliikalisha kwenye kina kifupi, ikapigwa na kuwaka moto, na Waingereza wakaondoka wakiamini imekwisha. Shehena ilikuwa chini ya maji. Wapiga mbizi waliitoa: bunduki za kisasa, na mamilioni ya risasi.

Risasi zilizolowa maji ya chumvi si risasi za kuaminika. Baruti hulowa, na fataki, ile kofia ndogo nyuma ya ganda inayowasha baruti, huoza. Kwa miezi kadhaa, katika kituo kimoja baada ya kingine, watu walikaa wakizifungua risasi moja moja, kukausha na kusafisha baruti, kubadilisha fataki pale ilipowezekana, na kuzifunga upya. Zilizotoka salama ziliwekwa akiba kwa ajili ya bombomu, kwa sababu bombomu ikigoma katikati ya mapigano huua kikosi kizima. Zilizobaki na mashaka zilitumika kwenye mazoezi. Hakuna jina hata moja la watu hao ninalolijua, na jambo hilo huniuma, kwani mapigano ya mwaka uliofuata yalipiganwa kwa kazi ya vidole vyao.

Dhana: Mwishoni jeshi lilijitosheleza kwa nyara peke yake

Hii ina ukweli nusu. Mwaka 1916 Waingereza na Wabelgiji waliteka Moshi, Tanga, Morogoro, Dar es Salaam na hatimaye Tabora. Watu huhesabu kupotea kwa miji, lakini hasara nzito zaidi ilikuwa reli zote mbili pamoja na karakana zake. Tangu hapo mzinga ukivunjika gari lake, hakuna tena pa kuupeleka. Mizinga ya Königsberg ililipuliwa na wenyewe mmoja baada ya mwingine, ulipokosa makombora au ulipokuwa mzito kuliko safari.

Oktoba 1917, huko Mahiwa karibu na Lindi, Wajerumani walishinda pigano kubwa la siku nne na kumaliza karibu risasi zao zote za kisasa. Mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck alipunguza jeshi, akawaacha wagonjwa na wale asioweza kuwapa silaha, akavuka Ruvuma. Tarehe 25 Novemba aliiteka kambi ya Wareno huko Ngomano na kupata bunduki za kutosha nusu ya jeshi lake pamoja na risasi 250,000.

Kinachosahauliwa ni kwamba bunduki ya nyara huja na tumbo lake. Risasi ya Kijerumani haingii kwenye bunduki ya Kiingereza, na ya Kiingereza haingii kwenye ya Kireno. Ukibadilisha bunduki, umejifunga kumshambulia tena mwenye risasi zake. Kuanzia hapo safari ya jeshi lile ndani ya Msumbiji ilielekezwa na bohari za adui.

Dhana: Wapagazi walibeba chakula tu, vita vilipiganwa na askari

Mbung'o waliua ng'ombe na farasi, mvua ziliua barabara, na pasipo reli mzigo ulipanda kichwani. Chukua hesabu nyepesi. Risasi elfu moja za bunduki ya kisasa zina uzito wa kilo 25 hivi, nao ndio mzigo wa mtu mmoja. Risasi za siku mbili za Jasin peke yake ni mizigo 200. Mpagazi mwenyewe hula karibu kilo moja kwa siku, na hawezi kula risasi. Lazima mwingine ambebee chakula. Huyo wa chakula, akienda safari ya siku kumi na kurudi siku kumi, atakuwa amekula kilo 20 kati ya 25 alizojitwika. Kilo tano ndizo zinazofika.

Ndiyo maana meli ya Marie, iliyofika Ghuba ya Sudi Machi 1916, ilikuwa imepakiwa huko Ujerumani kwa mizigo iliyokwisha kugawanywa kwa kipimo cha bega la mtu. Aliyepanga shehena ile alijua kwamba mizinga yake sita isingefika popote pasipo wapagazi.

Kwa upande wa Waingereza, kikosi cha wapagazi kiliitwa Carrier Corps, na midomo ya Waswahili ikalifanya jina hilo Kariakoo. Kumbukumbu rasmi zenyewe zinataja vifo zaidi ya 40,000 vya wapagazi, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, na wanahistoria wanaamini idadi halisi ni kubwa zaidi. Hata leo mtu hushuka kituo cha Kariakoo bila kujua ametaja jina la jeshi lililobeba risasi.

Dhana: Ndege kubwa ya L59 ingegeuza vita

Novemba 1917 ndege ya gesi ya Kijerumani L59 iliruka kutoka Jamboli, Bulgaria, ikiwa na tani kama 15 za dawa, risasi na silaha. Ilifika anga ya Sudan ikaamriwa kurudi. Hata ingefika, tani 15 ni mizigo 600 ya wapagazi. Kwa jeshi lile ni msaada wa wiki chache.

Dhana: Lettow-Vorbeck alijisalimisha kwa kuishiwa silaha

Alijisalimisha kwa sababu Ujerumani ilikuwa imesaini kusimamisha vita. Tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, alikabidhi mzinga mmoja wa Kireno, bombomu 37, bunduki 1,071 na risasi 208,000, zaidi kidogo ya zile zilizoteketea Jasin. Kati ya bombomu zile, saba tu ndizo zilizokuwa za Kijerumani. Bunduki zote zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Askari waliopanga mstari walizidi 1,100. Wapagazi waliokuwa pamoja nao walizidi 1,500.