Mbona hawali? Kwa sababu nimewakataza

Swali la kwa nini watu wa filamu hawali limekuja tena wiki hii, safari hii kwenye grupu la WhatsApp la familia. Kipande cha filamu ya mapenzi ya runinga: mpishi na mwenye mgahawa wameketi, mshumaa katikati, sahani mbili zimejaa. Wanaongea kama dakika nzima, kisha dada anainuka, "Lazima niende," na chakula kinabaki vile kilivyoletwa. Emoji za kucheka zikamiminika. Shangazi yangu, ambaye anajua fika kazi ninayofanya, akauliza, "Kwani hicho chakula ni cha plastiki?" Binamu mmoja akamjibu kwa niaba yangu kwamba watu wa filamu ni wavivu na wanaoandika hizi hadithi hawajawahi kulala njaa.

Shangazi, shikamoo, na kwa heshima zote: si plastiki. Mara nyingi ni chakula cha kweli kilichopikwa asubuhi hiyo hiyo, na mwigizaji anakitamani kukushinda wewe kwa sababu chakula cha mchana cha seti kimechelewa. Hakigusi kwa sababu kuna mtu amekaa kando ya mwongozaji na daftari, anamkodolea macho. Mtu huyo ni mimi. Kazi yangu ni mwendelezo, yaani kuhakikisha kwamba kilichokuwa mkono wa kulia hakirukii wa kushoto kamera ikihamia upande mwingine. Nitaeleza mara hii moja, halafu atakayeuliza tena nitamtumia hapa.

Mazungumzo ya watu wawili mezani hupigwa kutoka pembe tano kwa uchache. Shoti pana inayowachukua wote, shoti juu ya bega la huyu, nyingine juu ya bega la yule, kisha shoti ya karibu kwa kila mmoja. Kila pembe ina teki zake, yaani mara ambazo onyesho lile lile linarudiwa mbele ya kamera. Tuseme nne, na hapo mwongozaji ana huruma. Ni mara 20 maneno yale yale yanarudiwa kutoka mwanzo. Mwigizaji akila matonge matatu kila mara, amekula matonge 60 kwa onyesho moja, na katika lile la mwisho uso wake bado unatakiwa kusema "nakupenda" wakati tumbo linasema mengine. Kuna ndoo ya kutemea, ndiyo, iko chini ya meza. Haipendezi kuisimulia.

Lakini shibe si shida yangu mimi. Shida yangu ni mhariri. Atachukua swali kutoka teki ya pili ya shoti pana, na jibu kutoka teki ya nne ya shoti ya karibu. Kama mle uma ulikuwa mdomoni na huku umelazwa kando ya sahani, zile picha mbili haziungani. Kwa hiyo daftari langu limejaa mambo kama haya: uma juu kwenye neno "mama", unashuka baada ya "kijijini", glasi mkono wa kushoto, maji yamefika usawa wa nembo, mshumaa umebaki kidole kimoja juu ya kishikio. Mshumaa nao ni adui, unafupika wenyewe bila kuulizwa. Waigizaji waliozoea kamera hula kwa neno lile lile kila teki. Waliotoka jukwaani ni hatari, wao kila teki wanakula upya, kwa hisia mpya.

Sasa tuje kwa kinachoniudhi hasa, maana kanuni hizi za "usile" hazikutungwa Nairobi. Mtindo huu wa filamu umetoka Marekani, kwenye vituo kama Hallmark Channel, kilichoanza kutumia jina hilo mwaka 2001. Nyingi hupigwa Kanada, hasa British Columbia, kwa sababu ya nafuu za kodi, na upigaji wenyewe huchukua wiki mbili au tatu hivi. Filamu inakaa kwenye nafasi ya saa mbili, ila yenyewe ni kama dakika 85; zilizobaki ni za matangazo. Kwa kawaida hukatwa sehemu tisa, na kila sehemu iishie mahali ambapo mtazamaji hatathubutu kubadilisha stesheni. Fikiria hilo unapomcheka dada aliyeacha sahani. Mlo ukiisha, jambo limekwisha, na mtu aliyetulia huenda jikoni kujipakulia chake. Sahani iliyojaa ni kesi ambayo haijasikizwa. Simu inalia, mchumba wa zamani anaingia mlangoni, mwenye nyumba anakuja na barua ya kuufunga mgahawa, tangazo la sabuni. Hakuna muda wa kula, na ni makusudi kwamba haukuwekwa.

Kwa Wamarekani hili linawezekana kwa urahisi kwa sababu wapenzi wao wanakula saladi. Jani moja la saladi linafanana na jingine. Uma unashikwa, unawekwa, mkono unabaki safi. Hebu sasa jaribu na ugali.

Ugali ukitoka jikoni unafuka na unang'aa. Taa za seti zikiupiga kidogo tu unaota ngozi, kisha nyufa. Kila mmego unaacha pango, na pango la teki ya kwanza haliwezi kuwa pango la teki ya saba, kwa hiyo tunahitaji ugali kadhaa zilizogeuzwa kutoka bakuli moja ili umbo lilingane, na mtu wa kuzichonga zifanane na picha niliyopiga kwa simu. Sukuma inafifia rangi. Kachumbari inatoa maji. Mafuta ya mbuzi yanaganda meupe kwenye ukingo wa sahani, na kamera inayaona vizuri kuliko inavyouona uso wa mwigizaji. Chai ya maziwa inafanya utando, na mwigizaji akiunywa ule utando, unabaki mdomoni kwenye shoti ya karibu.

Na hayo yote ni madogo ukilinganisha na mkono. Muswada unasema, kama inavyosema miswada yote: "Anamshika mkono." Upi? Wa kulia umelowa mchuzi hadi kwenye vifundo. Wa kushoto ni safi, lakini ni nani hapa atamshika mtu anayemtongoza kwa mkono wa kushoto, mbele ya mashangazi wote wa nchi hii? Nimewahi kuuliza swali hili kwenye mkutano wa kusoma muswada na kimya kikatanda mezani. Mwishowe mwandishi akabadilisha ugali kuwa tambi. Ndiyo sababu wapenzi wetu wa runinga wanakula tambi Westlands usiku wa Jumanne kana kwamba wamezaliwa Napoli. Hatukukosa uzalendo, tulikosa mkono.

Samaki mzima, tafadhali msiandike. Samaki harudishiwi nyama. Nikiona "samaki mzima" kwenye muswada nauliza bajeti ina samaki wangapi, na prodyusa ananitazama kama mimi ndiye niliyepandisha bei ya samaki wa Kisumu.

Sauti nitaipitia haraka, ingawa fundi wa sauti atanuna. Kipaza sauti kidogo kimefichwa chini ya shati, sentimita chache kutoka kwenye koo. Kinasikia kutafuna, kumeza, na ulimi ukitafuta kipande kilichokwama kwenye jino. Kijiko kikigonga sahani juu ya neno muhimu, neno hilo limepotea, ndiyo maana sahani zetu zina kitambaa chini yake. Wale watu wa nyuma wanaoonekana wakicheka na kugonganisha glasi hawatoi sauti hata kidogo. Wanachezesha midomo, na kelele za mgahawa hurekodiwa kando na kupachikwa baadaye. Feni ya jikoni huzimwa. Friji huzimwa, na fundi hutia funguo za gari lake ndani ya friji hiyo ili asiweze kwenda nyumbani kabla ya kuiwasha tena, la sivyo mwenye mgahawa atakuta nyama yake imeharibika. Desturi hii mafundi wa sauti wanayo hadi ng'ambo. Honi za Ngong Road na ndege ndogo za uwanja wa Wilson hazina swichi, hizo tunazisubiri zipite.

Sasa, nani kasema hawali kabisa? Hapo ndipo wanaocheka wanapokuwa hawajatazama vizuri. Wanakula mara moja. Iko karibu katikati ya filamu, jikoni, baada ya wateja kuondoka. Mpishi anachovya kijiko kwenye sufuria, anaweka kiganja chini yake kisidondoshe, anasema, "Onja hii." Yule mwingine anaonja. Anafumba macho. Mnaijua, mmeiona mara mia.

Filamu za aina hii busu huliweka dakika za mwisho kabisa, na pengine ni hilo moja tu. Kile kijiko ndicho kinachosimama mahali pake hadi wakati huo. Kiufundi ni zawadi kwangu. Sufuria ina kina, kwa hiyo haionyeshi kimepungua kiasi gani. Wamesimama, hakuna sahani, hakuna uma, mikono minne yote najua iko wapi. Kijiko kimoja kwa kila teki, hata teki zikiwa 20 mtu anaweza kuvumilia, na mtu wa vifaa anajua kabisa ni kijiko kipi. Lakini hata ningekuwa sina daftari ningelilinda onyesho hilo. Kama wawili hao wamekuwa wakitafuna tangu dakika ya tano, kijiko cha dakika ya 40 kitakuwa kijiko tu. Njaa ya mtazamaji inabidi itunzwe. Ukimwona akipeleka mdomo kwenye kijiko cha mtu mwingine, na hujamwona akila chochote kabla ya hapo, unajua amekubali jambo ambalo bado hajalisema. Waandishi wachanga hunijazia karamu katika kila ukurasa, halafu wanashangaa mbona onyesho la kuonja halina ladha.

Niseme pia yanayonikosesha raha, maana vitabu vya kazi yangu havipendi kuyagusa. Walter Murch, mhariri Mmarekani anayeheshimiwa sana katika fani hii, aliwahi kupanga kwa asilimia mambo yanayofanya mkato wa picha uwe mzuri. Hisia ni asilimia 51. Hadithi 23. Mdundo 10. Vinavyofuata ni mahali jicho la mtazamaji lilipo, 7, na mpangilio wa fremu, 5. Mwendelezo wa mahali watu walipo ndani ya chumba ni wa mwisho kabisa: asilimia 4. Uma hata hautajwi. Nimeshuhudia mhariri akichagua teki ambayo glasi inaruka mkono mzima kwa sababu tu katika teki hiyo mwigizaji alitokwa na chozi la kweli, na alipotuonyesha, mimi pekee ndiye niliyeiona glasi. Hakuna mtazamaji aliyeandika kulalamika. Je, tunawanyima watu chakula kwa ajili ya kosa ambalo wewe hulioni? Mara nyingine, nadhani ndiyo. Sijui mstari uko wapi, na kila mwongozaji ana wake.

La pili linaniuma zaidi. Shangazi amekosea sababu, lakini kuna kitu amekinusa. Mmarekani akiona dada ameinuka na kuacha sahani, anaona haraka, anaona moyo uliovurugika. Hapa kwetu tunaona dharau. Mgeni akiacha chakula kimejaa, mwenyeji ataulizia wiki nzima kama alimkosea. Tena ni mgahawa, chakula kimelipiwa. Mkenya gani anaacha mbuzi wa shilingi 1,500 mezani kwa sababu ya mapenzi? Tumechukua ishara ya watu wengine pamoja na taa zake na mshumaa wake, halafu tunashangaa grupu la familia linacheka mahali tulipotaka lilie.

Pendekezo langu, ambalo nimelitoa kwenye mikutano na nitaendelea kulitoa: dada ainuke, aseme lazima aende, kisha amgeukie mhudumu na kusema, "Nifungie." Boksi likishafungwa sioni kilichomo, pango la ugali halinihusu tena, na hakuna mtu Nairobi atakayeuliza kama ni plastiki. Mwandishi mmoja aliniambia hilo linaua huzuni yote: mtu amevunjika moyo halafu anasimama kungoja foili? Nikamwambia ndiyo, asimame. Wote wawili wasimame pale, hakuna aliye na la kusema, na weita hana haraka. Akasema tangazo haliwezi kungoja weita. Bado tunabishana.