Kuua virusi kwenye sahani si kutibu homa: soma hii kabla hujatuletea jerikani

Tangu baridi ya Juni ianze, simu ya maabara yetu ya kupima mitishamba hapa Kisumu hailali, na swali ni moja tu: mtanipimia lini dawa yangu ya homa? Wengine hawapigi, wanakuja moja kwa moja. Juzi mama mmoja wa upande wa Vihiga alifika saa mbili asubuhi na jerikani ya manjano ya lita 5, ameweka karatasi ya nailoni chini ya kifuniko isimwagike kwa matatu, akaiweka kaunta akasema, "Daktari, mimi nataka barua tu, watu wangu wanapona siku ya tano." Tulipofungua kifuniko kikafanya puu, dawa ilikuwa imeanza kuchacha. Nikamwuliza, mama, huu ni mti gani? Akacheka, akasema hiyo ni siri ya mama mkwe.

Simcheki. Hizi tembe za AL ambazo kila nyumba huku Nyanza imemeza kwa malaria zilianzia kwa mmea, Artemisia annua, na mwanasayansi wa China aliyeifanyia kazi, Tu Youyou, alipewa Nobel 2015. Lakini angalia alivyofanya. Kupasha moto sana kulikuwa kunaharibu dawa, ikabidi atumie etha, kimiminika cha kutolea dawa kwenye mmea ambacho hakihitaji moto mwingi. Kwa hivyo ukiniambia umechemsha masaa sita ndio ikolee, mimi sioni dawa imekolea, naona swali.

Sasa hiyo siku ya tano. Huku kwetu kila kitu ni homa, kamasi ni homa, malaria ni homa, baridi ya Molo ni homa. Ninayosema hapa ni influenza, mafua ya virusi, ile inakuangusha ghafla na joto, kikohozi kikavu na viungo kuuma. Mtu mzima mwenye afya joto linashuka baada ya siku tatu nne na wiki ikiisha wengi wameshapona, awe amekunywa mwarobaini, tangawizi na ndimu au maji ya bomba. Ndiyo maana ushuhuda wa watu ishirini waliopona hautusaidii chochote, hata uje na majina na namba za kitambulisho (na tafadhali msituletee namba za vitambulisho vya watu). Tungetaka kujua wengine ishirini ambao hawakunywa walipona siku ya ngapi.

Tukipima tunafanya hivi. Mmea unakaushwa kivulini, unasagwa, unalowekwa sehemu moja kwa maji na nyingine kwa methanoli, aina ya spiriti, halafu tunaondoa maji na methanoli tubaki na unga au kitu kama lami nyeusi. Tunachukua sahani ya plastiki yenye visima 96, kila kimoja kidogo kuliko kifuniko cha biki, ndani tunaotesha seli za figo ya mbwa, ukoo wa MDCK ambao maabara duniani zimekuwa zikikuza tangu 1958, kwa sababu virusi vya influenza vinazipenda. Kwanza hatuweki virusi kabisa! Tunaweka dawa yako peke yake, halafu rangi ya manjano ambayo seli hai huigeuza zambarau. Kisima kikibaki manjano, seli zimekufa, na zimeuawa na dawa. Hapa ndipo jerikani nyingi huishia, na wenyewe hukasirika sana, ati tumeharibu. Jiki pia inaua virusi vyote jamani, na hakuna mtu anakunywa Jiki.

Ikipita hapo ndio tunaweka virusi, tunatafuta kiasi kinachozuia virusi na kiasi kinachoua seli, tunalinganisha. Vikikaribiana sana, hiyo si dawa, ni sumu iliyochelewa.

Kuna mtego mwingine ambao hata wanafunzi wetu wa digrii ya pili huingia. Maganda ya miti mengi yana tanini, ile kitu inakausha ulimi, na tanini inashika protini yoyote inayopata, za virusi, za seli, za mate yako. Kwenye sahani inaonekana shujaa. Unajua kingine kinachozuia virusi vya influenza kwenye sahani? Chai. Majani hayahaya ya Kericho na Nandi, imeshaonekana kwa maabara miaka mingi. Sisi hapa tunakunywa vikombe vinne kwa siku na homa bado inatukuta foleni.

Shida ni dozi. Tuseme mmea wako unazuia virusi ukiwa maikrogramu 200 (maikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu) kwa kila mililita, na kuna karatasi nyingi za utafiti zinasherehekea namba kama hiyo. Mtu mzima ana damu kama lita 5, kwa hivyo unahitaji gramu 1 nzima ya hiyo lami iwe ndani ya damu kwa wakati mmoja, haijakojolewa, haijavunjwa na ini, haijabaki tumboni. Na damu si mwili wote, maji ya mwili ni kama lita 40, ukipiga hesabu hapo unafika gramu 8. Kikombe chako hakifikishi hapo, na kikifikisha, mtu wa kwanza kulalamika atakuwa ini.

Halafu kuna hii ya nyota ya anise, ile kiungo cha pilau, tangu mtu asambaze kwa WhatsApp kwamba Tamiflu imetoka humo ninaulizwa kila wiki. Ni kweli asidi ya shikimiki ilitolewa humo kutengeneza oseltamivir, ndiyo hiyo Tamiflu, dawa ya influenza iliyoidhinishwa 1999, lakini asidi hiyo yenyewe haiui influenza, inapitia hatua kama kumi za kemia kabla haijawa dawa. Pilau yako ni pilau.

Sasa utaratibu, na hapa naomba msome pole pole kwa sababu ndipo malalamiko yote yanatoka. Hatupokei mmea usiojulikana. Leta tawi lenye majani na maua au matunda, si unga, si maji. Tunalikandamiza, linatambuliwa, na sampuli inaweza kwenda kwa mkusanyiko wa mimea wa Makumbusho ya Taifa kule Nairobi. Umelitoa wapi ni muhimu: ukitoa ganda msitu wa Kakamega bila ruhusa ya wanaousimamia, umevunja sheria kabla hujafika kwangu, na mimi nikilipokea nimeingia na wewe. Kama ni mwiri, Prunus africana, jua pia biashara yake ya kimataifa inasimamiwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 1995. Mtafiti anahitaji laisensi ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kibali cha kamati ya maadili, na akitaka kutumia rasilimali za mimea kwa utafiti wa aina hii kuna kanuni za 2006 za NEMA, mamlaka ya mazingira, zinazotaka ridhaa ya mwenye rasilimali na makubaliano ya kugawana faida. Ujuzi wa mama mkwe nao unalindwa na sheria ya 2016 ya maarifa ya jadi. Kwa hivyo wanaosema tunaiba dawa za Waafrika tuwauzie wazungu wangeniambia ni ukurasa gani wa hizo fomu unaotusaidia kuiba, maana mimi huzijaza kila mwezi na sijaupata.

Kupima kwa binadamu ni hadithi nyingine. Bodi ya Famasi na Sumu lazima iidhinishe jaribio, pamoja na kamati ya maadili. Kuuza au kutangaza dawa ya mitishamba ambayo bodi haijasajili ni kosa, kuna faini, kuna kifungo, na mali inabebwa, na kutangaza redioni au kwa spika ya probox sokoni ni kutangaza vilevile. Barua yetu ya maabara si usajili. Narudia, si usajili. Kuna mfanyabiashara tulimpa ripoti kwamba chupa yake haikuwa na bakteria wa kinyesi, basi, hicho tu ndicho tulipima, akaifremu akaitundika kwa kibanda karibu na steji: IMEPIMWA, INATIBU HOMA. Tangu hapo kila ripoti yetu ina mstari mwekundu chini.

Wanaofuata njia wapo. Kule Kakamega wakulima wa Muliru wanalima mwonyi, mmea wa jamii ya mrehani, wanakamua mafuta yake, yanatengenezwa balmu ya Naturub ambayo ilisajiliwa. Inasema inapunguza mafua na maumivu, haijidai kuua influenza. Hiyo heshima ya kusema kiasi unachojua ndiyo tunayoitaka.

Ukishikwa homa wakati huu, kunywa vitu vya moto, jifukize na mkaratusi ukipenda ila sufuria ikae mbali na watoto, pumzika. Antibayotiki haitibu virusi hata muuza duka akuapie. Mama mjamzito, mzee, mtoto mdogo, mwenye pumu au sukari aende hospitali mapema, dawa za influenza hufanya kazi vizuri zikianza ndani ya masaa 48. Mtoto anayepumua haraka au kifua kinaingia ndani akipumua, usimpe chochote cha jerikani, mpeleke sasa hivi. Na ukifika mwambie daktari mitishamba uliyokunywa, hasa ukiwa kwa ARV au dawa za presha, hakuna atakayekufukuza.

Yule mama alirudi Alhamisi. Jerikani alimwaga, akaja na tawi limefungwa kwa gazeti, maua yake meupe madogo hayajakauka, na mama mkwe mwenyewe nyuma yake amekuja kuweka kidole kwa fomu ya ridhaa. Limelala kwa rafu ya kukaushia sasa, namba 14. Sampuli tunapokea Jumanne na Alhamisi kabla ya saa sita, na tafadhali, si Ijumaa jioni.