Kufubaza virusi: kinachofubaa ni nini hasa?

Anayeingia kliniki ya tiba na matunzo kwa wenye VVU, ile ambayo Tanzania nzima inaiita CTC, atalisikia neno hili kabla hajapata hata pa kukaa. Dawa za kufubaza virusi. Huyu ameshafubaza. Yule bado, arudi kwa mshauri. Ukivuka Namanga kuingia Kenya utasikia zaidi "dawa za kupunguza makali". Maneno mawili, picha moja: panga lililokaa bila kunolewa mpaka halikati tena.

Picha hiyo imesaidia watu wengi kuelewa kwamba dawa hazifukuzi virusi vyote. Lakini ina kasoro, na kasoro yenyewe ndiyo inayozaa nusu ya maswali ninayoyasikia kuhusu VVU. Makali ya kirusi hayaguswi. Kirusi kizima kilichojificha mwilini mwa mtu aliyemeza ARV, yaani hizo dawa za kufubaza, kwa miaka kumi ni kikali kama siku ya kwanza. Kinachozuiwa ni kuzaana kwake. Kwa hiyo mtu anaposema "virusi vyangu vimefubaa", anachosema hasa ni kwamba idadi yake kwenye damu imeshuka mno. Neno linatuonyesha panga butu, ilhali jambo lenyewe ni la hesabu.

VVU haviwezi kujizalisha vyenyewe. Vinahitaji seli ya binadamu, hasa zile seli za kinga ziitwazo CD4. Kirusi kikishaingia humo hugeuza maandishi yake ya urithi, yaliyo ya aina iitwayo RNA, yawe DNA kama yale ya seli, halafu huyachomeka katikati ya vinasaba vya seli. Kuanzia hapo seli inamtumikia bwana mwingine: inatoa virusi vipya. Kidonge cha TLD, ambacho ndicho kinachomezwa na wengi siku hizi, kimebeba dawa tatu ndani yake: tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Mbili za kwanza huvuruga kazi ya kugeuza maandishi. Ya tatu huzuia yasichomekwe. Hakuna hata moja kati ya hizo inayokwenda kukiua kirusi.

Sasa mtu atauliza, kama haziui, virusi vinapungua vipi? Jibu lilikuja katikati ya miaka ya 1990, pale watafiti akina David Ho na Alan Perelson walipofanya hesabu ya kinachoendelea kwenye damu ya mgonjwa asiye na dawa. Walikuta mwili unatoa takriban virusi bilioni 10 kwa siku. Pia walikuta kwamba kirusi kikiwa kwenye damu hudumu saa chache tu, na seli inayovizalisha hufa ndani ya siku mbili hivi. Maana yake ni kwamba umati unaoukuta kwenye damu leo karibu wote umezaliwa jana na leo. Funga mlango wa kuzaliwa, na umati utakwisha wenyewe kwa kufa. Ndiyo maana mtu aliyeanza dawa akiwa na nakala 200,000 za kirusi kwa mililita ya damu anaweza kushuka sana katika wiki chache za mwanzo.

Hizo nakala ndizo zinazohesabiwa kwenye kipimo cha wingi wa virusi. Maabara inachukua damu, inatafuta RNA ya kirusi, inaizidisha kwa mashine mpaka iweze kuhesabika, kisha inatoa namba: nakala kadhaa kwa kila mililita moja. Kipimo hiki watu wengi hukichanganya na CD4. CD4 hukuambia jeshi lako limebaki na askari wangapi. Wingi wa virusi hukuambia adui ni wangapi. Namba hizi mbili haziendi sambamba sikuzote. Mtu anaweza kuwa amefubaza kabisa na CD4 yake bado iko chini, kwa sababu askari hujengeka polepole, na kwa muda huo bado yuko hatarini kwa kifua kikuu na magonjwa mengine nyemelezi.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliyapanga majibu katika makundi matatu. Zaidi ya nakala 1,000: hajafubaza. Kuanzia 1,000 kushuka chini, lakini mashine bado inaviona: amefubaza. Mashine haivioni kabisa: havionekani. Hapa pana jambo la kuangalia. "Havionekani" ni kauli kuhusu jicho la mashine. Mashine nyingi zinazotumia plazma, yaani majimaji ya damu yaliyotenganishwa na seli, huishia kuona nakala 20 hadi 50 kwa mililita. Sampuli ya tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi, inayotumika pale ambapo maabara ni mbali na barabara ni mbovu, ina damu kidogo, kwa hiyo jicho lake ni hafifu zaidi. Majibu ya watu wawili yanaweza kuandikwa neno lilelile yakiwa yametoka kwenye mizani tofauti.

Kwa nini idadi ijaliwe hivi? Kwa sababu ndiyo inayoamua kama virusi vitavuka kwenda kwa mtu mwingine, na ushahidi wa mwanzo wenye uzito ulitoka jirani hapa, wilaya ya Rakai, Uganda. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Watafiti walikuwa wamefuatilia wanandoa 415 ambao mmoja ana VVU na mwenzake hana, wakati ambapo ARV vijijini zilikuwa ndoto. Wenza 90 waliambukizwa. Lakini katika ndoa 51 ambazo mwenye VVU alikuwa na nakala chini ya 1,500, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Hawa hawakuwa wamemeza chochote. Miili yao yenyewe ilikuwa imeishikilia idadi chini. Swali lililofuata lilijileta lenyewe: dawa zikiishusha idadi hiyo kwa kila mtu, itakuwaje?

Utafiti uliopewa jina HPTN 052 ulilijibu mwaka 2011. Wanandoa 1,763 kutoka nchi tisa, Kenya ikiwemo, waligawanywa: baadhi ya wenye VVU wakaanzishiwa dawa mara moja, wengine wakasubiri kama miongozo ya wakati ule ilivyotaka. Kuanza mapema kulipunguza maambukizi kwa mwenza kwa asilimia 96. Miaka mitano baadaye ukaja PARTNER, wa Ulaya, uliofuatilia wapenzi ambao hawatumii kondomu na ambao mwenye VVU amefubaza. Yalihesabiwa matendo ya kujamiiana yapatayo 58,000. Maambukizi kutoka kwa mwenza: sifuri.

Kuna kipande cha utafiti huo ninachokipenda kuliko ile sifuri. Watu 11 waliambukizwa wakati utafiti unaendelea. Ungedhani hadithi imeishia hapo. Lakini vinasaba vya virusi vyao vilipolinganishwa na vya wenza wao, havikufanana. Walikuwa wamevipata kwingine. Maabara ikatoboa siri za nyumba za watu, na papo hapo ikawaondolea lawama wenza wao.

Kutokana na hayo ndipo ilipotoka kauli inayofupishwa U=U, kutoka Kiingereza "Undetectable = Untransmittable", ambayo kwa Kiswahili wengi huisema hivi: visivyoonekana haviambukizi. Shirika la Afya Duniani linasema asiyeonekana virusi hana hatari yoyote ya kumwambukiza mwenza kwa kujamiiana, na mwenye nakala 1,000 au pungufu hatari yake ni karibu na sifuri. Kauli inahusu kujamiiana. Haihusu sindano wala wembe wa kushirikiana, wala kuchangia damu. Kwenye kunyonyesha hatari inashuka sana, chini ya mtoto mmoja kati ya mia kwa mama anayemeza dawa vizuri, lakini haijawahi kuthibitishwa kuwa sifuri. Ndiyo maana mtoto huyo bado anapewa dawa za kinga na kupimwa. Wala dawa za kufubaza hazizuii kaswende, kisonono au mimba.

Turudi kwenye picha, maana sasa inahitajika nyingine. Bibi zetu walikuwa hawazimi moto usiku. Walifukia kaa moja la mti mgumu ndani ya majivu, asubuhi wakalifukua, wakapuliza, na nyasi kavu zikashika. Ukipita usiku jikoni hapo huoni moto wala moshi. Seli chache za CD4 zenye maandishi ya VVU ndani ya vinasaba vyake hufanya vivyo hivyo: hulala. Hazitoi virusi, kwa hiyo dawa hazina cha kuzuia humo, na mwili hauzitambui. Watafiti wa Marekani wakiongozwa na Robert Siliciano walipima kasi ya hifadhi hiyo kupungua na kukadiria kwamba, kwa dawa peke yake, ingehitaji zaidi ya miaka 70 kwisha. Mtu akiacha vidonge, kaa hilo hufukuka. Kwa wengi idadi huanza kupanda tena ndani ya wiki chache.

Yupo mtoto wa Mississippi, Marekani, aliyezaliwa 2010 na mama mwenye VVU na kuanzishiwa dawa akiwa na umri wa saa 30 tu. Alipokuwa na miezi 18 hivi dawa zikakatika. Kwa zaidi ya miaka miwili vipimo havikuona virusi, na dunia ikaanza kusema amepona. Mwaka 2014 virusi vikarudi.

Ndiyo maana siogopi kumkera mtu anapoinua karatasi yenye "havionekani" mbele ya waumini kuwa ni ushahidi wa muujiza. Karatasi hiyo ni ushahidi kwamba amemeza vidonge vyake. Mtu huyohuyo akipimwa kwa kipimo cha haraka cha kidoleni atasoma ana maambukizi, kwa sababu kipimo hicho hutafuta kingamwili, na kingamwili hubaki. Vipimo viwili, maswali mawili, wala hakuna kinachomdanganya mwenzake. Wanaokumbuka foleni za Samunge, Loliondo, mwaka 2011, watu waliposafiri siku kadhaa kwenda kunywa kikombe cha shilingi 500 cha dawa ya mitishamba iliyosemwa kuwa inaponya UKIMWI, wanakumbuka pia kwamba wapo walioacha ARV waliporudi nyumbani.

Idadi inaweza kupanda hata kwa mtu ambaye hajaacha. Kuruka dozi mara kwa mara ndiyo sababu kubwa, na hapo ndipo virusi vinavyozaana mbele ya dawa chache hujifunza kuzikwepa, yaani usugu. Dawa za zamani kama nevirapine na efavirenz zilishindwa haraka namna hiyo. Dolutegravir ni ngumu zaidi kuzoeleka. Lakini nayo ina wapinzani wake ambao hawazungumzwi vya kutosha dirishani pa dawa. Rifampicin, inayotibu kifua kikuu, huipunguza nguvu, ndiyo maana mgonjwa wa TB huongezewa kidonge kingine cha dolutegravir saa 12 baada ya TLD. Vidonge vya madini ya chuma, ambavyo mjamzito hupewa kliniki, na vile vya kalsiamu, hushikana nayo tumboni ikatoka bila kufanya kazi, hasa vikimezwa pamoja nayo tumbo likiwa tupu. Hilo huepukwa kwa kumeza vyote pamoja na chakula, au dolutegravir itangulie saa mbili, au ifuate saa sita baadaye.

Na si kila kupanda ni kushindwa. Leo 35, kipimo kijacho 120, kinachofuata havionekani: mirukomiruko midogo ya namna hiyo hutokea. Kinachofuatiliwa ni namba kubwa inayojirudia. Anayekutwa juu ya 1,000 hupewa ushauri wa ufuasi wa dawa, kisha hupimwa tena baada ya miezi mitatu hivi kabla hajabadilishiwa dawa.

Kwa upana wa nchi, utafiti wa kaya wa Tanzania wa mwaka 2016–17 ulikuta kwamba asilimia 52 ya watu wazima wenye VVU wamefubaza. Uliofuata, wa 2022–23, ulikuta asilimia 78. Ukiwatazama walioko kwenye dawa peke yao, kiwango kinapita 90. Pengo kubwa limebaki kwa wale wasiojua kama wana VVU.

Ukipewa karatasi yako, tazama kwanza tarehe ya kutolewa damu kabla ya kutazama namba. Ratiba ya Shirika la Afya Duniani ni mwezi wa 6 baada ya kuanza dawa, mwezi wa 12, halafu mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo "havionekani" unayoisoma leo inaweza kuwa habari ya siku moja, miezi 11 iliyopita.