Ensefalopathia ya ini: panya anapopotewa na usiku wake

Mgonjwa wa ini huanza kusinzia mchana, usiku akabaki macho makavu. Nyumbani watasema ni uchovu. Wakati mwingine ni ubongo unaoanza kuguswa, kabla mikono haijaanza kupigapiga na maneno hayajaanza kumchanganya. Hali hiyo ndiyo ensefalopathia ya ini: ubongo kuyumba kwa sababu ini limelemewa, au damu imelikwepa.

Kisa kinaanzia matumboni. Bakteria na seli za utumbo huzalisha amonia, kemikali yenye sumu kwa ubongo, zinapovunja protini na glutamini (kimojawapo cha vijenzi vya protini). Damu ya huko hupitia kwanza kwenye ini, amonia ikageuzwa urea, urea ikatoka na mkojo. Ini likijaa makovu, yaani sirosisi, amonia hupenya hadi ubongoni, na ubongo hauna uwezo wa kutengeneza urea. Tegemeo lake ni seli ziitwazo astrositi, ambazo huunganisha amonia na glutameti kupata glutamini. Ni kinga yenye gharama: glutamini ikirundikana huvuta maji na astrositi huvimba. Triptofani nayo huongezeka ubongoni, na hiyo ndiyo malighafi ya serotonini, mojawapo ya kemikali zinazohusika na usingizi.

Watafiti huichunguza hali hii kwa panya, wakitumia upasuaji mmoja wa zamani. Mwaka 1877 Nikolai Eck, huko St. Petersburg, aliunganisha mshipa wa damu ya matumbo na mshipa mkuu unaorudi moyoni, ili damu isipite kwenye ini. Aliwafanyia mbwa. Mwaka 1893 maabara ya Ivan Pavlov ilieleza jinsi mbwa wa aina hiyo walivyochanganyikiwa wakilishwa nyama. Panya wa maabara hufanyiwa upasuaji huohuo, na faida yake ni hii: ini halikupewa sumu wala virusi, damu tu imechepushwa (ingawa ini lenyewe husinyaa baadaye).

Panya ni mnyama wa usiku. Mwekee gurudumu la kukimbilia, kila mzunguko uandikwe na mashine, mstari mmoja kwa siku moja. Kwa panya mzima, alama nyeusi hujazana saa za giza na mchana hubaki mweupe. Kwa panya aliyechepushwa damu, alama za usiku hupungua, na sehemu kubwa zaidi ya mwendo wake mdogo huangukia mchana. Hajalala zaidi tu. Mpaka kati ya usiku na mchana umefifia.

Saa ya mwili inayopanga hayo iko kwenye haipothalamasi, sehemu ndogo ya chini ya ubongo, juu ya makutano ya neva za macho, na hurekebishwa na mwanga. Ndiyo pia inayoamuru melatonini, homoni inayouambia mwili kuwa ni usiku, itolewe usiku. Wagonjwa wa sirosisi wamepimwa wakakutwa na melatonini nyingi mchana, na kilele chake cha usiku kimechelewa. Wingi wa mchana unaweza kuelezwa na ini, maana ndilo linaloivunja melatonini. Kuchelewa kwa kilele ni jambo jingine; hapo mimi naona saa yenyewe ndiyo ya kushukiwa.

Kwa kuwa ubongo wa mgonjwa huyu tayari umeguswa, kumpa vidonge vya usingizi vya jamii ya daizepamu ni hatari: vinaweza kumsukuma kwenye kuchanganyikiwa, hata kupoteza fahamu. Madaktari huanza na laktulosi, sharubati inayoongeza asidi kwenye utumbo mpana, amonia ikanaswa humo na kutoka na choo.