Kamati Haipimi Umuhimu wa Mada: Ufafanuzi Kuhusu Kozi Mpya

Kila dirisha la mapendekezo ya kozi mpya linapofunguliwa, ofisi ya mitaala ya chuo hupokea malalamiko yale yale: kamati ya mitaala imekataa mabadiliko, wajumbe wa idara nyingine wanalinda masomo yao. Safari hii yamezidi, hasa kuhusu kozi za akili mnemba, na tumeona vyema kutoa ufafanuzi.

Kamati haipimi umuhimu wa mada. Mhadhiri anayejaza kurasa akieleza jinsi dunia inavyobadilika anajibu swali ambalo hakuulizwa. Anachoulizwa ni hiki: mwanafunzi akimaliza kozi ataweza kufanya nini, na mtahini atakipimaje? Ndiyo maana malengo yanayoishia kwenye “kuelewa” na “kufahamu” hurudishwa. Mtahini hawezi kutoa alama mpaka mwanafunzi aeleze, alinganishe, akokotoe au aunde kitu.

Kisha kuna mzigo wa kazi. Mzigo huo hupimwa kwa krediti. Katika ECTS, mfumo wa krediti wa vyuo vya Ulaya, kwa mfano, mwaka mzima wa masomo una krediti 60, na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi. Kozi ya krediti 5 ni saa 125 hadi 150, zikiwemo za kujisomea, mazoezi na kujiandaa kwa mtihani. Krediti za mwaka haziongezeki kwa sababu tu mada mpya imejitokeza. Kozi mpya ya lazima ikiingia, nyingine itoke au ipunguzwe. Ugomvi wote uko hapo, na hapo ndipo fomu nyingi za mapendekezo huachwa tupu.

Kwa kawaida pendekezo hutoka idarani, hupitia bodi ya kitivo na kamati ya mitaala, kisha seneti, chombo cha juu cha chuo katika masuala ya taaluma. Idara yenye mada zinazokaribiana hutoa maoni kwa maandishi. Hayo ni maoni, si kura ya kuzuia. Kamati hupitisha, hurudisha kwa marekebisho, au hukataa. Kurudishwa si kukataliwa! Tumelisema hili mara nyingi, na bado wahadhiri hutangazia wanafunzi kwamba kozi yao imefutwa.

Wapo wanaoanza kufundisha huku wakisubiri idhini. Tunaomba jambo hili likome. Kozi isiyo na msimbo haisajiliwi. Isiposajiliwa, alama zake haziingii kwenye hati ya matokeo, krediti zake hazihesabiki, na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anaweza kukosa kuhitimu ingawa alihudhuria vipindi vyote. Mhadhiri ataandika barua ya kujieleza, lakini atakayepoteza mwaka ni mwanafunzi. Kuingiza maudhui mapya chini ya jina la kozi ya zamani ni kosa lile lile. Kubadilisha kitabu cha kiada au mpangilio wa wiki, kwa upande mwingine, hakuhitaji kikao cha kamati. Mkuu wa idara anatosha.

Mapendekezo mazuri kabisa hukwama kwenye swali moja: mwandishi wake akienda likizo ya masomo, nani atafundisha? Kozi inayomtegemea mtu mmoja huwaacha njiani wanafunzi waliokwisha kuianza. Fomu isiyotaja mhadhiri wa pili, pamoja na ile isiyo na uthibitisho wa maktaba kuhusu vitabu, itarudishwa idarani kabla ya kufika kwenye ajenda.