Ngozi inawasha? Weka chini kwanza hiyo tyubu ya mchanganyiko

Mimi ni tabibu katika zahanati moja mkoani Lindi. Maswali haya naulizwa karibu kila siku, na mara nyingi anayeuliza ana tyubu ya krimu yenye dawa kadhaa zilizochanganywa mkononi, nusu yake ameshaipaka.

Nitajuaje ni ugonjwa gani?

Angalia umekaa wapi, umeanzaje, na unasumbua saa ngapi. Upele, unaoletwa na wadudu wadogo wanaoishi ndani ya ngozi, huwasha zaidi usiku ukishajifunika, na vipele vyake hupenda katikati ya vidole, viganja vinapoungana na mikono, kitovuni, matakoni na sehemu za siri. Kwa kawaida nyumbani kuna mwingine anayejikuna. Choa, ugonjwa wa fangasi, ni duara lenye ukingo ulioinuka na magamba, katikati kama pamepona. Malengelenge ya bakteria huwapata zaidi watoto, puani na mdomoni, yakipasuka yanaacha ganda la rangi ya asali. Tetekuwanga inatapakaa mwili mzima pamoja na homa. Mkanda wa jeshi hukaa upande mmoja tu wa mwili, na maumivu ya kuunguza hutangulia kabla ya malengelenge.

Tyubu ya mchanganyiko ina ubaya gani? Mimi nilipata nafuu siku ya pili.

Nafuu ya siku ya pili ndiyo inayowaponza watu. Ndani ya tyubu hizo kuna steroidi, dawa inayotuliza kinga ya ngozi. Muwasho unaisha na uvimbe unashuka kwa sababu mwili umeacha kupigana, wala si kwa sababu fangasi wamekufa. Wao wanaendelea kutambaa kwenye ngozi iliyonyamazishwa. Ukiacha kupaka, wanarudi wakiwa wengi, na safari hii choa haina hata umbo la duara, kwa hiyo na mimi nitapata shida kuitambua. Ukiendelea kupaka, ngozi inakuwa nyembamba, inachanika michirizi, usoni zinatoka chunusi. Kwa mtoto mchanga dawa hiyo hupenya hadi kwenye damu.

Lakini si imeandikwa kwamba ina dawa ya fangasi na ya bakteria pia?

Ndiyo, imo. Na steroidi imo. Hiyo ya tatu inaziharibia kazi mbili za kwanza. Watu hudhani dawa tatu katika tyubu moja ni bora kuliko dawa moja. Hapana. Soma ubavuni: ukiona jina linaloanza na "betameth" au "clobet", hiyo ni steroidi. Kama hujaandikiwa na mtu aliyeitazama ngozi yako, usiipake. Hata kama jirani ilimponya. Hata kama muuzaji amekwambia ni kali na inafanya kazi haraka.

Basi choa nipake nini?

Krimu ya klotrimazoli peke yake, au mafuta ya Whitfield, mara mbili kwa siku. Vuka ukingo wa duara kidogo unapopaka, na uendelee wiki moja au mbili baada ya alama kuisha. Wengi wanaacha wakiona pamekauka, kisha wanasema dawa ni feki. Mapunye ya kichwani ni habari nyingine: fangasi wako ndani ya mzizi wa nywele, krimu haiwafikii. Mtoto anahitaji vidonge kwa wiki kadhaa, mlete aandikiwe.

Tulipaka dawa ya upele, mbona umerudi?

Alipaka nani? Nikiuliza hivyo jibu huwa "mtoto". Mtoto analala kitanda kimoja na wenzake watatu, mama anajifunika naye khanga ileile, baba hajikuni bado lakini wadudu anao, maana kwa anayeambukizwa mara ya kwanza muwasho unaweza kuchelewa wiki nne hata sita. Nyumba nzima ipake usiku mmoja, wanaojikuna na wasiojikuna. BBE, dawa ya upele ya kupaka (benzyl benzoate), hupakwa mwili wote kuanzia shingoni hadi nyayoni, pamoja na katikati ya vidole na chini ya kucha. Ya watoto huongezwa maji, kwa hiyo uliza kipimo kwa umri wa kila mmoja, na uulize pia mtarudia siku gani. Asubuhi fueni shuka na nguo, muanike juani. Zisizofulika zifungeni kwenye mfuko wa plastiki siku tatu au zaidi, wadudu hawaishi muda mrefu bila mwili wa mtu. Muwasho unaweza kubaki wiki mbili au tatu baada ya wadudu kufa. Msiukimbilie kwa tyubu ya mchanganyiko. Upele uliopakwa steroidi hutulia kwa muda, na wadudu wanazidi kuzaliana.

Vipele vya mtoto vimeanza kutoa usaha. Nisubiri?

Usisubiri. Bakteria wameingia alipojikuna. Osha kwa maji na sabuni, kata kucha, mlete apate antibiotiki. Wala usipake majivu, unga wa betri au dawa ya meno. Kwa wiki kadhaa baadaye angalia uso wake asubuhi: ukiwa umevimba macho, au mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, figo zimeguswa, na hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Hali kadhalika mguu ukivimba, ukawa wa moto na ngozi inang'aa, pamoja na homa. Kwenye ngozi yetu nyeusi usitegemee kuona wekundu, gusa kwa mkono ulinganishe na mguu wa pili. Mwenye kisukari aje mapema zaidi.

Mkanda wa jeshi ukizunguka mwili ncha zake zikakutana, mtu anakufa?

Hapana. Ila njoo ndani ya siku tatu tangu malengelenge yatokee, ndipo vidonge vinasaidia zaidi. Yakiwa karibu na jicho, njoo leo. Na tupime VVU, kwa sababu ugonjwa huu hupenda kinga iliyoshuka.

Mikono imebabuka msimu wa korosho, ni fangasi?

Mara nyingi ni mafuta ya ganda, yanaunguza kama tindikali. Osha kwa sabuni na maji mengi, vaa glovu au paka mafuta ya kupikia mikononi kabla ya kubangua. Baadhi ya watu huchomea chunjua kwa mafuta hayo ya ganda. Yanaacha kidonda kikubwa kuliko chunjua yenyewe.

Nina baka lililopauka, haliwashi wala haliumi. Si nipake tu?

Hili ndilo swali ninalotaka kila mtu wa Kusini alisikie. Baka lisilowasha na lisilouma ndilo la kuogopa. Chukua kipande cha pamba, fumba macho, mtu akuguse hapo na pembeni yake. Usiposikia pamba ikikugusa, huenda ni ukoma. Tanzania ilifikia kigezo cha kutokomeza ukoma katika ngazi ya taifa mwaka 2006, lakini wagonjwa wapya bado wapo, na mkoa wetu wa Lindi ni miongoni mwa mikoa inayowapata. Dawa ni bure, miezi sita au kumi na mbili, na ukianza kuzimeza huambukizi tena baada ya muda mfupi sana. Si laana, wala haurithiwi. Anayepaka tyubu juu ya baka la namna hii kwa mwaka mzima anakuja vidole vimeshajikunja, mishipa ya fahamu imekufa, na mishipa iliyokufa sina dawa yake. Usipake. Njoo na ngozi yako kama ilivyo.

Nimeshapaka miezi mitatu. Nafanyaje?

Njoo na tyubu yenyewe, hata kama imeisha. Usioneshe aibu, nahitaji kusoma kilichomo. Kama ulipaka eneo kubwa au ni mtoto, usikate ghafla kabla hatujaonana, huenda tukapunguza taratibu. Kama ni alama ndogo, acha leo. Muwasho utaongezeka kwa siku chache na duara litajionesha upya, na hapo ndipo tutaliona vizuri na kulitibu.